Daraja la Nyasi la Canas: Barua kwa Mpwa Wangu

Tanga,
14 Julai 2024

Mpwa wangu Zuhura,

Barua yako niliipata Alhamisi na nimeisoma mara mbili. Picha ya daraja uliyoiona kwenye kitabu cha jiografia si ya kubuni. Daraja hilo nimelipita kwa miguu yangu mwaka 2019. Umeniuliza mambo mawili: nyasi zinawezaje kubeba watu, na kwa nini watu wenye daraja la chuma pembeni wajisumbue kusuka jingine la nyasi kila mwaka. La kwanza lina jibu fupi. La pili ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Kwanza uijue nchi yenyewe. Canas ni jimbo dogo katika mkoa wa Cusco, kusini mwa Peru, lenye wilaya nane. Ukitoka mji wa Cusco unafuata bonde la mto Vilcanota kuelekea kusini, zaidi ya kilomita 100, mpaka Combapata. Hapo gari linaliacha bonde na kuanza kupanda kuelekea magharibi. Unalipita ziwa la Pampamarca, maji yametulia kabisa, halafu unaingia Yanaoca, makao makuu ya jimbo, kwenye kimo cha mita 3,900 hivi. Kwa kukufahamisha: kibanda cha Horombo, ambapo wapanda Kilimanjaro hulala wakilalamikia vichwa, kiko mita 3,720. Sasa fikiria mji mzima juu ya hapo, una soko, shule, kanisa, na watoto wanaokimbiza mpira bila kuhema. Mimi nilipanda ngazi kumi nikasimama kutafuta pumzi.

Miti ni michache. Nchi imefunikwa na nyasi ngumu za rangi ya dhahabu iliyochujuka, na nyumba nyingi za vijijini ni za matofali mabichi ya udongo. Juni kwao ni kipupwe kama kwetu, lakini kipupwe cha sakitu. Mchana jua linachoma ngozi, usiku maji kwenye ndoo yanaganda. Baridi mnayoijua Lushoto haifiki hapo.

Nilikwenda na mwalimu mwenzangu anayefundisha Kikechua, lugha ya nchi ile, tukafikia kwa mama mmoja mjane wa wilaya ya Quehue, mwenye kondoo wachache na llama wanne. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje nikakuta viazi vidogo, ukubwa wa ndimu, vimetandazwa chini, vigumu kama mawe. Nikadhani vimesahauliwa. Kumbe vimelazwa nje kwa makusudi vipigwe na sakitu. Jua lilipopanda vikaanza kulainika, na yule mama akavua viatu, akasimama juu yake na kuvikanyaga taratibu, akivizungusha kwa nyayo, maganda yakichubuka na maji yakitoka katikati ya vidole vyake. Usiku vikaganda tena, kesho yake vikakanyagwa tena, hivyo hivyo kwa siku kadhaa mpaka vikabaki vyepesi kama magunzi. Hiyo inaitwa chuño. Ukiiweka ghalani mahali pakavu inadumu miaka, na mwaka ambao mvua imegoma ndiyo inayowavusha. Jioni alitupikia kwenye supu. Ina ladha ya udongo mara tu baada ya mvua, na kwa siku ya tatu nilikuwa naidai.

Mwambie bibi yako kwamba viazi vya shamba lake vina ukoo na hivyo. Kiazi mviringo kililimwa kwenye milima ya Andes kwa maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajakiona. Na kwinini, ile dawa chungu ya malaria ya enzi za babu yako, ilitokana na gome la mti wa milima hiyohiyo. Hata jina lake tumelipata kutoka Kikechua kupitia Kihispania. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, hapo hapo Usambara kwenu.

Sasa daraja. Linaitwa Q'eswachaka: q'eswa ni kamba ya nyasi iliyosokotwa, chaka ni daraja. Limevuka mto Apurímac, ambao jina lake lina maneno mawili, apu, yaani mlima mtukufu au bwana, na rimaq, anenaye. Ukisimama ukingoni unaelewa mara moja kwa nini ulipewa jina hilo, maana mto unanguruma chini ya genge usiku kucha. Maji yake yanakwenda kuingia Amazon na kumalizikia Atlantiki, ingawa kutoka hapo mpaka Pasifiki ni karibu zaidi.

Wainka, waliotawala milima hiyo kabla ya Wahispania, hawakutumia gurudumu. Barabara zao, Qhapaq Ñan, zilienea maelfu ya kilomita kwa ajili ya miguu ya watu na llama, na palipokuwa na genge walitandika madaraja ya nyasi. Mengine yote ya aina hiyo yamekwisha. Hili limebaki kwa sababu jamii nne, Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue, hulisuka upya kila Juni.

Kuhusu swali lako la kwanza, nyasi inayotumika inaitwa q'oya. Jani moja unalikata kwa vidole viwili. Mwenyeji wetu aliziloweka, akaziponda juu ya jiwe mpaka zikalegea, kama makumbi yanavyopondwa Pwani kwa ajili ya usumba. Kisha akaketi chini, akawa anasokota katikati ya viganja, akichopeka majani mapya kila yale ya kwanza yanapokaribia kwisha, ili maungio yasikae mahali pamoja. Kamba inayotoka ni nene kiasi cha kidole cha mwisho. Nikaomba kujaribu. Kipande changu kilifumuka nilipokiachia, naye akakipokea bila kusema kitu na kukisokota upya, maana kamba ile ilikuwa inakwenda kubeba watu. Kila nyumba katika jamii hizo inadaiwa kamba zake, na kipimo ni pima, mikono miwili ikinyoshwa, sawasawa na pima ya wazee wetu.

Siku ya kwanza watu wanakutana ukingoni. Kabla mtu hajagusa chochote, paqo, mtaalamu wa ibada, anaomba ruhusa kwa Pachamama, ambaye ni ardhi yenyewe, na kwa milima, akiitaja mmoja mmoja kwa jina kama anayewaamkia wazee barazani. Baadaye wanaume wanazitandaza zile kamba nyembamba barabarani, wanazisokota nyingi pamoja kuwa kamba ya wastani, kisha kamba tatu za wastani zinasukwa kama nywele kuwa kamba kuu. Kamba kuu nne ni za sakafu. Mbili nyembamba kidogo ni za kushikia, nazo huitwa maki, yaani mikono. Siku ya pili daraja la mwaka jana linakatwa na kuachiwa lianguke mtoni. Sikutegemea kwamba ningehuzunika, lakini lilipoanguka nilihuzunika. Wenyewe hawakutazama hata mara mbili, walikuwa wanavuta kamba mpya, kundi upande huu na kundi upande wa pili, wakiitikiana, mpaka zikakazwa kwenye nguzo za mawe. Siku ya tatu mafundi wanakaa juu ya kamba zilizo wazi, miguu inaning'inia hewani, mmoja anatoka upande huu na mwenzake upande ule, wakifunga kuta za pembeni fundo kwa fundo mpaka wanakutana katikati. Wakikutana, kelele za furaha zinajaa bonde. Siku ya nne ni ngoma na kula.

Wanawake hawakaribii daraja wakati linasukwa. Wanabaki juu mteremkoni, wakisokota. Hilo sikulipenda na sikulificha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kamba zile zilitoka kwenye viganja vyao. Mwenyeji wetu alinijibu kwamba ndivyo mto unavyotaka, akaendelea na kazi.

Daraja lenyewe lina urefu wa karibu mita 30 na upana wa mita 1.2. Linazama kidogo katikati, na ukitembea linacheza chini ya miguu kama ngalawa inapokanyagwa. Linanuka majani makavu. Nilishika zile kamba za mkono kwa nguvu zangu zote, huku nyuma yangu bibi wa miaka kama ya bibi yako anakuja na mzigo mgongoni katika shuka yake ya rangi, anasubiri kwa adabu nimpishe.

Kuhusu swali lako la pili, ni kweli daraja la chuma liko karibu na magari hupita hapo. Watalii nao wanakuja, na fedha zao zinasaidia. Lakini watu wale walikuwa wakisuka kabla ya watalii, na nilichokiona mimi ni deni. Kila nyumba inajua pima zake. Asiyeleta anaonekana, na anayeleta anahesabiwa kuwa mtu wa pale. Wanaita ayni: leo nakulimia wewe, kesho unanilimia mimi, na kazi ya wote wanaita minka, ambayo mimi na wewe, watu wa Tanga, tunaijua kwa jina la msaragambo. UNESCO ilipoliandika daraja hilo kwenye orodha ya urithi mwaka 2013, haikuandika kamba. Iliandika ujuzi na ibada za kulisuka upya kila mwaka. Walioandaa maombi yale walikuwa watu wenye akili.

Hapa inabidi nikufundishe jambo moja la lugha yao, maana linahusu jinsi ninavyokusimulia. Wenyewe wanaiita runasimi, lugha ya watu. Inajenga neno kwa kubandika viungo kama Kiswahili, ila viungo vyao vyote vinakaa nyuma. Wasi ni nyumba, wasiy nyumba yangu, wasiykuna nyumba zangu, wasiykunapi ndani ya nyumba zangu. Hayo utayazoea mara moja. La ajabu ni kwamba msemaji analazimika kuonyesha habari yake ameipata wapi. Mvua ikinyesha na wewe unaiona unasema parashanmi, kwa kiungo -mi. Ukiwa umeambiwa tu kwamba inanyesha unasema parashansi. Sisi tuna "eti", lakini "eti" yetu ina dharau ndani yake, inamtilia mtu shaka. Kiungo chao -si hakimdharau mtu. Kinasema tu: mimi sikuwepo.

Basi mengi niliyokueleza mpaka sasa nimeyaona. Yafuatayo nimeyapata kwa watu na kwenye vitabu.

Nimeambiwa kwamba kijana wa Canas anayetaka kumposa msichana anajifunza charango, gitaa dogo lenye sauti kali, na kwamba usiku huliacha karibu na chemchemi ili nguva alitie sauti. Nimeambiwa kwamba kila Januari 20, kwenye uwanda wa Chiaraje, jamii za pande mbili hupigana kwa makombeo na mijeledi ili damu iinyweshe ardhi na mavuno yaje, na kwamba watu wamewahi kufa pale bila ndugu zao kushtaki. Hilo la pili mwenyeji wetu alilisimulia huku anamenya viazi, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Nimesoma pia habari za mtu mkubwa kuliko wote waliotoka nchi ile. José Gabriel Condorcanqui alizaliwa Surimana, hapo Canas, mwaka 1738. Alikuwa kuraka, mtawala wa kurithi wa Surimana, Pampamarca na Tungasuca, na alikuwa na nyumbu wengi waliobeba mizigo kwenye njia ya kwenda Potosí. Kwa hiyo aliyaona kwa macho yake mambo ambayo watawala wengine waliyasikia: wanaume wa jimbo lake wakipelekwa kwa zamu kwenye migodi ya fedha ya Potosí, mwendo wa majuma mengi kwa miguu, na wengi wasirudi. Afisa wa Kihispania, Antonio de Arriaga, alikuwa akiwauzia watu bidhaa kwa nguvu na kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Novemba 4, 1780, wawili hao walikula chakula cha mchana pamoja Yanaoca. Arriaga alipokuwa njiani kurudi, Condorcanqui alimkamata. Siku sita baadaye Arriaga alinyongwa Tungasuca mbele ya umati, na Condorcanqui, kwa jina la ukoo wake wa kifalme, Túpac Amaru, akawaongoza watu katika vita vilivyotikisa milima yote ile mpaka nchi ambayo leo ni Bolivia. Mkewe, Micaela Bastidas, ndiye aliyekuwa akipanga chakula, silaha na barua, na alimhimiza aende Cusco upesi kabla adui hajajikusanya. Hakwenda upesi. Ninaposoma habari hiyo, kila mara nataka amsikilize.

Waliuawa wote wawili Cusco, siku moja, Mei 18, 1781, pamoja na mtoto wao Hipólito. Mkono mmoja wa Túpac Amaru ulipelekwa Tungasuca ukatundikwe watu wa kwao wauone. Kisha soma hili kwa makini. Hakimu aliyetoa hukumu, José Antonio de Areche, hakuishia kwenye miili. Alipiga marufuku mavazi ya Kiinka, michezo ya kuigiza ya kukumbuka wafalme wao, na mabaragumu ya kombe ya maombolezo. Na akaagiza watu wajifunze Kihispania, akiweka muda wa miaka minne.

Miaka minne, Zuhura. Katika sensa ya Peru ya mwaka 2017, watu zaidi ya milioni 3.7 walisema Kikechua ndiyo lugha waliyoanza nayo utotoni, na hapo sijawahesabu wa Bolivia na Ekuado. Serikali ya Peru iliitangaza kuwa lugha rasmi mwaka 1975. Lakini mwalimu mwenzangu, aliyezaliwa nayo, aliniambia ndani ya basi la kurudi Cusco kwamba tangazo halikumfundisha mtoto yeyote neno hata moja, na kwamba alichoshindwa Areche wazazi wanakimaliza wenyewe kimya kimya. Wanahamia Cusco na Lima, watoto wanachekwa shuleni kwa matamshi yao, na mama anaamua kuanzia leo atazungumza Kihispania tu nyumbani. Hamchukii mwanawe. Anamkinga. Mwalimu mwenzangu mwenyewe ana dada wawili Lima ambao watoto wao hawawezi kuongea na bibi yao. Aliposema hayo alitumia -mi.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizuia watu kukusanyika, na daraja halikusukwa. Machi 2021 nikasikia limeanguka mtoni, nyasi zimeoza. Huku Tanga nilidhani ndiyo basi. Juni ya mwaka huohuo wakalisuka jipya, na habari hizo pia niliambiwa tu. Walikuwa na nyasi, walikuwa na mafundi, na kila nyumba ilikuwa bado inazikumbuka pima zake.

Nina neno la mwisho, nalo linakuhusu wewe. Mama yako ameniandikia kwamba siku hizi bibi akikusemesha Kisambaa unamjibu kwa Kiswahili, na kwamba naye bibi ameanza kukusemesha Kiswahili ili kukurahisishia. Sikulaumu. Ulizaliwa Dar es Salaam na umekaa Lushoto mwaka mmoja tu. Lakini nakuomba jambo dogo. Kule Quehue niliuliza neno la "ndugu" nikapewa manne. Mwanamume humwita ndugu yake wa kiume wayqi, na wa kike humwita pana. Mwanamke humwita ndugu yake wa kiume tura, na wa kike humwita ñaña. Mwenyeji wetu alishangaa kwamba nilitaka neno moja. Kisha nikakumbuka kwamba Kiswahili cha wazee nacho kilikuwa na umbu, ndugu wa jinsia nyingine, neno ambalo siku hizi nalikuta kwenye kamusi tu.

Jumamosi, mkiwa jikoni, muulize bibi yako anamwitaje kaka yake kwa Kisambaa, na anamwitaje dada yake. Usimuulize kwa Kiswahili. Umesikia ya kutosha kuweza kuuliza, hata ukikosea. Mimi majibu ninayo, ila nataka uyapate kwake. Ukiyapata niandikie, na uniandikie vilevile alikuwa anafanya nini mikononi wakati anakujibu.

Msalimie sana.

Ni mimi mjomba wako.